Pima Chakula Kwanza, Tangi Baadaye: Vipimo vya Akwaponiki ya Nyumbani

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu huanza na utepe wa kupimia, na sijawahi kukata kitambaa kabla ya kupima mwili wa mwenye nguo. Lakini nilipojenga akwaponiki yangu ya kwanza, yaani mfumo wa kufuga samaki na kulima mimea kwa maji yale yale yanayozunguka, nilifanya kinyume kabisa. Nilipata tangi la lita 1000, nikalijaza maji, nikatia perege wadogo 60, kisha ndipo nikaanza kutafuta pa kuweka mimea. Nikapata mabeseni mawili ya lita 100 kila moja, nikayajaza kokoto na kupanda mboga.

Miezi mitatu ya kwanza mambo yalikwenda vizuri hata nikadhani nimeshajua. Mwezi wa nne samaki walikuwa wamefika gramu 150 hivi kila mmoja. Maji yakaanza kunuka, kokoto zikaziba kwa tope, na alfajiri moja nikakuta samaki 41 wanaelea. Niliwaokota mmoja mmoja na kuwahesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini na kalamu.

Samaki 60 wa gramu 150 ni kilo 9. Nilikuwa nikiwalisha kiasi cha asilimia 2 ya uzito wao kwa siku, yaani gramu 180 za chakula. Mabeseni yangu yalikuwa na kina cha sentimita 25, kwa hiyo lita 200 za kokoto zilinipa eneo la mita za mraba 0.8 tu. Gawanya 180 kwa 0.8 upate gramu 225 za chakula kwa kila mita ya mraba ya mimea, kila siku. Baadaye nilijifunza kwamba kipimo kinachofaa ni gramu 50 hivi. Nilikuwa nimevibebesha vitanda vyangu zaidi ya mara nne ya uwezo wao.

Samaki 19 waliobaki waliishi. Niliosha kokoto, nikabadilisha sehemu ya maji, na mabeseni yale yale yakawatosha mpaka nikawavua. Tangi lilikuwa lile lile na pampu ile ile. Kilichopungua ni chakula kilichoingia majini: kutoka gramu 180 hadi chini ya gramu 60 kwa siku. Tangu hapo kila mtu anayeniuliza anunue tangi la ukubwa gani namjibu kwa swali: unataka kulima mita ngapi?

Namba ya kuanzia

Samaki anapokula, sehemu kubwa ya nitrojeni iliyomo kwenye chakula hutoka tena kama amonia, hasa kupitia matamvua yake. Bakteria walioshika kwenye kokoto huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na mimea hufyonza nitrati hiyo. Mlolongo wote unaanzia kwenye kiganja chako unapotupa chakula majini. Ndiyo maana kipimo cha msingi ni gramu za chakula kwa siku, na lita za tangi zinakuja baadaye sana.

Kwa kitanda cha kokoto, vipimo ninavyotumia ni hivi: mboga za majani, gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita ya mraba, mimea ya matunda kama nyanya, pilipili na matango, gramu 50 hadi 80. Hapo nazungumzia chakula cha samaki chenye protini ya asilimia 32 hivi, ambacho ndicho cha kawaida kwa perege. Kama chakula chako kina protini nyingi zaidi, punguza gramu.

Huenda ukakutana na kipimo cha gramu 60 hadi 100. Hicho kilitokana na kazi ya mtafiti James Rakocy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, na ni kipimo sahihi, lakini mfumo wao ulikuwa wa mimea kuelea juu ya maji, wenye matangi maalumu ya kutenga kinyesi na kukitoa nje. Sisi wa kokoto kinyesi tunakiacha ndani ya kitanda kioze polepole na kuachia madini yake humo humo. Kwa hiyo chakula kidogo kinatosha, na kikizidi hakuna pa kutokea ila kuziba.

Neno hilo la kuziba nalitilia mkazo kwa sababu watu wengi huogopa amonia peke yake. Bakteria hawahitaji nafasi kubwa. Kokoto chini ya lita 50 zina uso wa kutosha kubeba bakteria wa kusafisha amonia itokanayo na gramu 100 za chakula kwa siku, ilimradi maji yanapita vizuri na oksijeni ipo. Kinachohitaji kitanda kikubwa ni tope. Kinyesi na mabaki ya chakula yakijikusanya mahali padogo, yanaoza, yanakula oksijeni ya maji, bakteria wazuri wanakosa hewa, na hapo ndipo amonia inapanda. Samaki wangu walikufa alfajiri kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo oksijeni huwa imeshuka kabisa.

Tufanye hesabu pamoja

Tuseme unataka mita 3 za mraba, nyingi zikiwa mboga za majani na pembeni nyanya chache. Huo ndio mfumo wangu wa sasa, kwa hiyo namba hizi nimeishi nazo.

Mita 3 mara gramu 50 ni gramu 150 za chakula kwa siku. Perege aliyekwisha kukua, katika maji ya vuguvugu ya nyuzi 26 hadi 30, hula asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Mimi huchukua 1.5. Gramu 150 gawanya kwa 0.015 unapata gramu 10,000, yaani kilo 10 za samaki. Ukivua samaki wakiwa na gramu 400, hao ni samaki 25.

Sasa ndipo tunafika kwenye tangi. Kwa mtu wa nyumbani, kilo 10 hadi 20 za samaki kwa kila lita 1000 za maji ni eneo salama, na 20 ndiyo ukuta: ukiuvuka unahitaji pampu ya hewa isiyozimika na kichujio cha kutenga tope. Mimi nilichagua kilo 14 au 15. Kilo 10 kwa kiwango hicho zinataka lita 700 hivi.

Kwa upande wa vitanda, mita 3 za mraba kwa kina cha sentimita 30 ni lita 900. Kwa hiyo nina lita 900 za kitanda na lita 700 za samaki. Utasikia kanuni ya moja kwa moja, kwamba ujazo wa vitanda ulingane na ujazo wa tangi, na kwamba unaweza kufika mara mbili ukiwa na tangi jingine la kukusanyia maji. Kanuni hiyo ni nzuri kwa kukagua jibu lako. Kama hesabu ya chakula inakupa vitanda vya lita 200 kwa tangi la lita 1000, kama mimi nilivyofanya, ujue umekosea mahali. Lakini usiitumie kuanzia, kwa sababu haisemi lolote kuhusu samaki wangapi wamo ndani, na tangi la lita 700 lenye samaki 10 si sawa na tangi hilo hilo lenye samaki 50.

Ukitaka mita moja tu ya kujaribia, gawanya kila kitu kwa tatu: gramu 50 za chakula, kilo 3 na kidogo za samaki, yaani samaki wanane, tangi la lita 230. Inawezekana, ila mimi sikushauri mwanafunzi aanze hapo. Maji machache hubadilika haraka: jua la saa sita linayachemsha, samaki mmoja aliyekufa bila kuonekana anayachafua yote, kosa la kiganja kimoja cha chakula linaonekana siku ya pili. Kuanzia lita 500 kwenda juu maji yanakupa muda wa kugundua kosa na kulirekebisha. Weka tangi la lita 500 kwenye mita yako moja, utie samaki wale wale wanane, nao watakuwa na raha.

Kina cha kitanda na ndoo ya kokoto

Sentimita 30. Nimejaribu 25 na nimeona cha jirani cha 20, na sirudi huko. Sentimita 2 hadi 5 za juu zinatakiwa zibaki kavu daima, ili mwani usiote na shina la mmea lisioze. Chini kabisa kuna sentimita 3 hadi 5 ambazo hazikauki, na ndiko tope linakolala. Katikati, sentimita 20 hivi, ndipo maji yanapanda na kushuka, mizizi inapumua, na bakteria wanafanya kazi. Ukichimba kitanda cha sentimita 20 ukatoa hizo za juu na za chini, unabaki na kipande cha katikati chembamba mno kwa mmea wa nyanya.

Upana upime kwa mkono wako. Kama kitanda kimegusana na ukuta, sentimita 80 zinatosha. Kama unakifikia pande zote mbili, unaweza kwenda hadi 120. Vitanda vyangu ni vya ndani sentimita 125 kwa 80, ambayo ni mita moja ya mraba kamili, na hesabu zote zinakuwa nyepesi.

Kokoto ziwe za milimita 8 hadi 20. Ndogo kuliko hizo huziba, kubwa kuliko hizo humkosesha mche pa kushika. Kabla hujabeba hata ndoo moja, dondosha siki juu ya mawe machache. Yakitoa povu, ni mawe ya chokaa, na yatapandisha pH (kipimo cha uchachu) ya maji yako mwezi baada ya mwezi wakati wewe unataka ibaki kati ya 6 na 7. Tafuta mengine.

Kisha fanya kipimo hiki ambacho watu hukiruka. Jaza kokoto zilizooshwa kwenye ndoo ya lita 20, mpaka ukingoni. Mimina maji kwa chombo chenye alama za lita mpaka yalingane na kokoto. Zangu zilichukua lita 8.4, yaani asilimia 42 ya ujazo ni nafasi tupu ya maji. Kokoto nyingi hukaa kati ya 30 na 45. Namba hiyo iandike, kwa sababu ndiyo itakayokuambia maji kiasi gani yatahama kutoka kwenye tangi kila vitanda vinapojaa, na hapo ndipo mfumo wangu wa pili ulipoharibika.

Jambo la uzito nitalisema haraka, lakini usilipite haraka. Lita moja ya kokoto kavu ina kilo 1.5 au 1.6. Kitanda kimoja cha lita 300, pamoja na maji yake, kinazidi nusu tani. Mbao za kabati la zamani hazibebi nusu tani. Jenga juu ya matofali au fremu ya chuma, sakafu iwe imara na iliyo sawa, na usiweke juu ya paa au roshani kabla mtu anayejua majengo hajakukagulia.

Maji yanayohama

Mfumo wa pili niliujenga kwa hasira ya ule wa kwanza. Nilitaka vitanda vingi: vinne vya lita 200, jumla 800, kwenye tangi la lita 500, na pampu ndani ya tangi la samaki. Kwa upande wa chakula nilikuwa salama kabisa. Lakini tazama maji. Vitanda vya sentimita 30 vikijaa hadi sentimita 25, ni lita 667 za kokoto zilizozama. Zidisha kwa 0.42 upate lita 280. Kila pampu ilipowaka, tangi la lita 500 lilibaki na 220. Samaki walibanwa chini mara 24 kwa siku. Walikuwa wanakula kwa wasiwasi, na siku za jua maji yale machache yalipata joto upesi.

Hayo ningeweza kuyavumilia kwa muda. Kilichomaliza ni usiku ambao bomba la kitanda cha nne lilichomoka. Pampu iliendelea kufanya kazi yake, ikamwaga maji ya samaki ardhini mpaka ikabaki kukoroma kwenye kavu. Asubuhi hapakuwa na cha kuokoa.

Kwa hiyo sharti langu ni hili: pampu isikae kwenye tangi la samaki. Weka tangi jingine mahali pa chini kuliko vyote, tuliite tangi la kukusanyia. Pampu inakaa humo na kupandisha maji hadi tangi la samaki. Tangi la samaki likijaa, maji yanatoka kwa bomba lililo juu na kuteremka yenyewe hadi vitandani. Vitanda vinatiririsha kurudi kwenye tangi la kukusanyia. Kina cha maji ya samaki hakibadiliki usiku wala mchana. Bomba likichomoka popote, tangi la kukusanyia ndilo linalokauka, samaki wanabaki na maji yao.

Ukubwa wake unapatikana kwa kujumlisha mambo matatu. Kwanza, maji ya kuifunika pampu isivute hewa. Kwenye tangi langu ni lita 120. Pili, maji yote ambayo vitanda vinaweza kubeba. Mita 3 za mraba, sentimita 25 za maji, ni lita 750 za kokoto zilizozama, mara 0.42 ni lita 315. Tatu, akiba ya maji yanayopotea kwa jua na kwa majani ya mimea, ambayo kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 3 ya maji yote kwa siku. Mimi naweka lita 40 ili nikisahau siku moja kusiwe na msiba. Jumla 475. Nina tangi la lita 500.

Ukikosa nafasi ya tangi la kukusanyia kubwa kiasi hicho, unaweza kufanya vitanda vijae kwa zamu, na saifoni za kengele (bomba la kati lililofunikwa kofia, ambalo humwaga maji ya kitanda lenyewe kikijaa) husaidia hapo kwani mara nyingi hazimwagi kwa wakati mmoja. Lakini mara nyingi si daima. Siku moja zitajaa zote pamoja. Mimi napima kwa siku hiyo.

Bomba la kutolea maji kwenye tangi la samaki hufaa lianzie chini, kwenye sakafu ya tangi, ili livute kinyesi, kisha lipande hadi kimo unachotaka ndipo litoke nje. Toboa tundu dogo juu kabisa ya kona yake. Bila tundu hilo bomba linaweza kugeuka mpira wa kunyonya na kulikausha tangi lote pampu ikizima.

Pampu

Maji yote ya tangi la samaki yapite kwenye vitanda angalau mara moja kwa saa. Tangi la lita 700, basi, linataka lita 700 kwa saa zinazofika kweli juu. Namba iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji hata sentimita moja. Pampu ya lita 2000 yenye uwezo wa kupandisha hadi mita 2, ukiipandishia mita 1.5, inaweza kubaki na lita 500 tu. Tazama mchoro ulioko kwenye boksi, na ukiwa huna, chagua pampu inayopandisha angalau mara mbili ya kimo unachopandishia maji.

Ukishafunga, pima. Kinga ndoo ya lita 20 kwenye bomba, pale pale juu linapomwaga, na uhesabu sekunde. Kwa lita 700 kwa saa ndoo ijae ndani ya sekunde 103. Yangu inajaa kwa sekunde 60, ambayo ni lita 1200 kwa saa, na ziada hiyo ninaihitaji: maji yanagawanyika vitanda vitatu, na saifoni ya kengele ikipewa maji kidogo mno haikamati, maji yanachuruzika tu juu ya bomba la kati bila kitanda kushuka. Likikutokea hilo, kabla ya kununua pampu kubwa jaribu kupunguza unene wa bomba la kati.

Wanaotumia taima ya dakika 15 kuwaka na 45 kuzima wakumbuke kwamba kazi ya saa nzima inafanyika ndani ya robo saa. Lita zile zile 700 zinataka pampu ya 2800.

Umbo la tangi na namna ya kulipima

Duara ndilo bora. Maji yanazunguka na kusukuma kinyesi katikati, bomba linakivuta. Tangi la pembe nne lina kona ambazo tope linalala. Tangi la plastiki la lita 1000 lenye fremu ya chuma, lile la mraba ambalo wengi hulikata juu kuwa kitanda na chini kuwa tangi, linafaa, ila elekeza bomba la kuingizia maji kwenye ukuta mmoja ili maji yazunguke. Ukilikata hivyo, kipande cha juu cha sentimita 30 kinakupa mita ya mraba moja na kidogo ya kupandia, na chini kunabaki lita zisizozidi 700. Ona basi: kitanda hicho kimoja kinabeba gramu 55 za chakula, kilo 3.7 hivi za samaki, samaki 9. Watu hutia 40 kwa sababu tangi linaonekana lina nafasi. Kabla ya kununua la mtumba, hakikisha halikubeba dawa za mimea wala kemikali.

Usiamini namba iliyochapwa ubavuni, maana inahesabu hadi kwenye mdomo, na wewe hutajaza hadi mdomoni. Pima kwa ndani. Tangi langu lina kipenyo cha sentimita 110, kwa hiyo nusu kipenyo ni 55, na maji yanafika kimo cha sentimita 75. Chukua 3.14 mara 55 mara 55 mara 75, gawanya kwa 1000, unapata lita 712. La pembe nne ni rahisi zaidi: urefu mara upana mara kimo cha maji, zote kwa sentimita, gawanya kwa 1000. Acha sentimita 15 juu ya maji na ufunike kwa wavu, perege huruka.

Samaki hawabaki wadogo

Hesabu yote hapo juu ni ya samaki waliokwisha kukua. Siku ya kwanza hali ni tofauti kabisa. Vifaranga 25 wa gramu 20 ni nusu kilo tu. Hata wakila asilimia 5 ya uzito wao, ni gramu 25 za chakula, ambazo zinalisha nusu mita ya mraba. Ukipanda mita zote tatu siku hiyo, mboga zitanyong'onyea na utadhani umekosea vipimo. Wengi hapo huongeza vifaranga mpaka mimea ipendeze, na miezi minne baadaye wanaokota kama nilivyookota mimi.

Panda kitanda kimoja, tena nusu yake, kwa mboga za majani peke yake. Ongeza kadiri chakula kinavyopanda. Mimi hupima samaki watano kila baada ya wiki mbili kwenye ndoo yenye maji juu ya mizani, natafuta wastani, nazidisha kwa idadi, na daftari linaniambia chakula cha wiki mbili zijazo. Chakula kikifika gramu 50 nafungua kitanda cha pili, kikifika 100 cha tatu.

Njia nzuri zaidi, ukishazoea, ni kutia samaki kwa makundi. Ninaingiza vifaranga 10 kila baada ya miezi miwili na nusu hivi, na kundi dogo linakaa kwenye kizimba cha wavu ndani ya tangi hilo hilo mpaka wafike gramu 80, wasije wakanyanyaswa. Ninavua wakubwa kabla ya kuingiza wadogo. Uzito wa samaki wote tangini hivyo hucheza kati ya kilo 6 na 10 na haupiti hapo, na chakula hakiruki wala hakianguki ghafla.

Kwa bakteria, mfumo mpya unahitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya kubeba mzigo kamili, na zaidi kukiwa na baridi. Pima amonia na nitriti. Mpaka zote ziwe karibu na sifuri, chakula kiwe kidogo sana. Maji yakipoa chini ya nyuzi 20 perege hula kidogo, na gramu 150 zako zitakuwa 60 au chini ya hapo; punguza mimea msimu huo badala ya kulazimisha chakula kitakachoozea chini.

Nitrati ndiyo itakayokuambia kama vipimo vyako vinalingana. Ikipanda wiki baada ya wiki na kupita miligramu 150 kwa lita, mimea ni michache kwa chakula hicho. Ikikaa karibu na sifuri na majani ya chini yakawa ya njano, mimea ni mingi. Lakini majani machanga ya juu yakiwa njano na mishipa yake ikibaki kijani, hiyo ni njaa ya chuma, ambayo chakula cha samaki huwa nayo kidogo. Ongeza chuma aina inayoyeyuka majini. Usiongeze samaki.

Kabla ya samaki kuingia

Jaza mfumo mzima maji matupu, washa pampu, na uuache siku mbili. Kisha ngoja vitanda vyote vijae na saifoni zianze kumwaga, na uchomoe waya wa umeme. Kaa hapo nusu saa. Tazama tangi la kukusanyia linavyopanda: lisimwagike hata tone. Tazama tangi la samaki: lisishuke chini ya tundu la bomba. Chora mstari kwa rangi pale maji yalipokomea kwenye tangi la kukusanyia, na mstari mwingine pale yanaposhuka kabisa pampu ikiwa inafanya kazi. Yangu imeachana sentimita 38. Kila asubuhi, kabla ya kupima chakula, naangalia maji yako wapi kati ya mistari hiyo miwili, na yakikaribia wa chini najaza maji. Mfumo ukipita jaribio hilo mara tatu mfululizo, kalete vifaranga.